Kabla Hujanunua Kitenge: Namna ya Kumuenzi Mama, Bibi na Shangazi Akingali Hai

Swali hili lina msimu wake kama maembe. Huanza kuja mwishoni mwa Februari, Siku ya Wanawake inapokaribia, hunyamaza kidogo, kisha hurudi kwa nguvu mwezi Mei, wiki ile ya Siku ya Mama. Maneno hubadilika, swali ni lile lile: "Mama alinisomesha kwa kuuza vitunguu njia panda. Nimfanyie nini ajue kwamba nimeona?" Mwingine anauliza juu ya bibi, mwingine shangazi. Mmoja, na huyu alinigusa, aliuliza juu ya dada yake mkubwa aliyeacha shule ili wadogo zake wabaki darasani.

Nawajibu nikiwa Misigiri, hapa barabara kuu ya Singida kwenda Nzega inapoachana na ile ya Kiomboi. Nataja mahali kwa sababu. Ushauri mwingi wa jambo hili unamhusu mama mwenye bomba ndani ya nyumba, duka la maua jirani na tarehe ya kuzaliwa anayoijua kwa hakika. Wengi wenu mama zenu hawana hata kimoja kati ya hivyo, na maua ya hapa ni ya alizeti, tena yana kazi yake.

Halafu neno lenyewe. "Kuenzi" tumelizoea misibani na kila tarehe 14 Oktoba, tunapoambiwa tumuenzi Mwalimu Nyerere kwa vitendo. Tumelifanya neno la marehemu. Hapa nitalitumia kwa watu wanaopumua, ambao asubuhi hii wameamka kabla yako.

Kosa langu: makochi

Nianze na aibu yangu ili msidhani nasema kutoka juu ya mti. Miaka kadhaa iliyopita tulichanga, ndugu saba, tukamnunulia bibi seti ya makochi. Tuliyapakia kwenye lori, tukapiga picha, tukapongezana. Niliporudi miezi minne baadaye, kochi kubwa lilikuwa limelazwa magunia ya mtama, na yale madogo kuku walikuwa wameshaamua ni ya nani. Bibi mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, uani, anapeta.

Hakuwa ametudharau. Sisi ndio hatukumuuliza. Goti lake halikuweza kuinuka kutoka kwenye kochi lile laini, na mtu anayeishi uani hana haja ya sebule. Fedha ile ingetosha mambo matatu aliyokuwa akiyahitaji kweli.

Kwa hiyo utaratibu wangu sasa una hatua nne, na sitaki uzigeuze: msikilize, mpunguzie kazi, andika jina lake mahali panapodumu, kisha, ukitaka, fanya sherehe. Wengi huanzia hatua ya nne na kuishia hapo hapo.

Hatua ya kwanza: keti umsikilize

Unasema unamjua mama yako. Haya, jibu bila kumpigia simu: alikuwa akiitwa nani utotoni? Nani alimfundisha kazi anayoifanya? Mtoto aliyempoteza aliitwa nani? Nimewauliza watu wazima wengi, nikiwemo mimi mbele ya kioo, na majibu huwa haba.

Singida mjini kuna uwanja wa mpira wenye jina la Liti, mwanamke wa Kinyaturu anayesimuliwa kwamba aliwakabili Wajerumani kwa nyuki. Jina limesikika sana kwenye matangazo ya mechi, lakini waulize wazee watatu habari zake, utapata simulizi tatu. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, alikuwa na bahati zaidi: kabla hajafariki mwaka 1950, mwandishi Shaaban Robert aliketi naye, na ndiyo maana tuna wasifu wake. Bibi yako hatapewa uwanja wala hatapata Shaaban Robert. Ana wewe na simu yako.

Namna ya kufanya:

- Nenda kwake wakati wa kazi za mikono, si wakati wa mapumziko. Pukuchua mahindi naye, chambua mlenda. Mikono ikiwa na shughuli, mdomo hufunguka.
- Weka simu chini, kwenye kitambaa, ikirekodi sauti tu. Kamera usoni humfanya aanze kuongea kama anahojiwa redioni. Mwambie kwanza kwamba unarekodi. Usirekodi kwa siri, hata kama ni mama yako.
- Saa moja inatosha. Rudi kesho.
- Mwache aseme Kinyiramba, Kinyaturu, lugha yoyote anayoota nayo. Kutafsiri ni kazi yako baadaye. Bibi anayelazimishwa Kiswahili cha wageni atakupa historia fupi na safi kupita kiasi.
- Siku hiyo hiyo tuma nakala kwa ndugu wawili. Simu huibwa, simu hutumbukia kwenye ndoo.

"Lakini hakumbuki miaka," mtaniambia. Usimuulize miaka. Muulize matukio, kisha miaka uitafute mwenyewe. Hii ndiyo ngazi ninayoitumia mimi:

- Uhuru, Desemba 1961: alikuwa ameshavunja ungo? Ameshaolewa?
- Azimio la Arusha, 1967.
- Kisomo cha watu wazima. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na bibi wengi walishika chaki kwa mara ya kwanza katika miaka iliyofuata. Muulize aliandika neno gani la kwanza.
- Operesheni Vijiji, 1974. Hapa ndipo simulizi nyingi za mkoa huu hujaa. Swali zuri: "Mlipohamishwa, mtoto yupi alikuwa mgongoni?"
- Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979.
- Miaka ya foleni za sukari na sabuni, na msako wa wahujumu uchumi wa 1983. Muulize alifulia nini.
- Mvua za El Niño, 1997 kuingia 1998.
- Kifo cha Mwalimu, Oktoba 1999: alikuwa wapi redio iliposema?

Swali la mtoto wa mgongoni limenipatia miaka ya kuzaliwa ya wajomba wawili ambao kadi zao zote zilikuwa na makosa. Hilo ni la pembeni, ila lina faida kwa mirathi.

Makosa yanayoharibu kikao:

1. Kumhoji mbele ya mumewe, au mbele ya wakwe. Atakupa simulizi ya mumewe.
2. Kumsahihisha. "Hapana bibi, hiyo ilikuwa baada ya vita." Nyamaza.
3. Kuchimba jeraha. Akisema "hayo tuyaache," yaache. Akitaka atayarudia mwenyewe siku nyingine, usiku, taa imezimwa.
4. Kusambaza sauti kwenye kundi la familia la WhatsApp bila ruhusa yake. Ndani ya saa moja sauti itakuwa imemfikia yule aliyesemwa.

Muulize anachotaka, naye atakataa

Atasema, "Mimi sitaki kitu, mwanangu, nyie tu muwe wazima." Usimwamini, na usimbishie. Wanawake hawa wamefundishwa tangu wadogo kwamba kutaka ni tamaa. Zunguka.

Kaa naye siku nzima, alfajiri mpaka anapolala, na uhesabu: anainama mara ngapi, anabeba nini, anaenda wapi kwa miguu, anakaza macho akifanya nini. Muulize, "Kazi gani ungeiacha leo kama ingewezekana?" Hilo halimfanyi aonekane mwenye tamaa, kwa hiyo atalijibu. Na muulize jirani yake wa rika lake. Yeye anajua kila kitu, hata deni la dukani.

Hatua ya pili: mpunguzie kazi, na uanze na maji

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ninapogombana na watu.

Sehemu zetu hizi ni kavu. Mvua huanza kuelekea Desemba, hukatika Aprili, na miezi iliyobaki ni vumbi na foleni ya ndoo. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na shingo inayoibeba ina miaka sitini na kitu. Ukitaka kumshukuru mwanamke wa hapa, angalia kwanza paa lake.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Nyumba ya mita 8 kwa 6 ina mita za mraba 48. Mvua ya milimita 20, ile ya kawaida ya jioni moja yenye radi, inamwaga lita 960 juu ya paa hilo. Toa zinazoruka na kuvuja, bado unabaki na lita 750 hivi. Hizo ni ndoo 37 ambazo hakuzibeba kichwani, kwa mvua moja tu. Simtanki la lita 1,000 linafika robo tatu.

Mambo ya kuzingatia:

- Mifereji ya bati iwe na mteremko kuelekea kwenye tanki. Fundi wengi huifunga sawasawa na upau, maji yanasimama, mbu wanazaliana.
- Tanki likae juu ya msingi wa mawe au tofali, kimo ambacho ndoo inaingia chini ya koki bila yeye kuinama.
- Mvua ya kwanza ya msimu iachie imwagike. Imebeba vumbi la miezi saba na kinyesi cha njiwa.
- Mfuniko ufungwe. Weka wavu panapoingilia maji.
- Maji ya kunywa yachemshwe bado. Tanki halifuti hilo.

"Nyumba ni ya nyasi au ya tembe," ameniandikia mmoja. Basi usianze na tanki. Ezeka bati hata upande mmoja, au banda tu la jiko, kisha weka mfereji mmoja na pipa. Mwingine ananiambia, "Lakini mama amezoea kuteka." Punda naye amezoea.

Vitu vingine vilivyoleta nafuu kwenye nyumba ninazozijua: kulipia usagaji wa nafaka kila mwezi kwenye mashine ili kinu kipumzike, jiko banifu lililojengwa kwa kimo chake, kibarua wa palizi mwezi Januari. Hicho cha mwisho hakipigwi picha, ndiyo maana hakuna anayekitoa.

Afya nitaipitia haraka kwa sababu mnajua. Macho kwanza. Bibi wengi wanaoitwa "wamezeeka sana" wana mtoto wa jicho tu, na huo ni upasuaji mdogo. Wengine wanahitaji miwani ya kusomea ili wasome Biblia au Kurani yao tena. Mpeleke hospitali Kiomboi au Singida mjini wewe mwenyewe, siku mbili, ulale naye. Kumtumia nauli na kumwambia "nenda ukapime" hakutoshi, kwa sababu nauli hiyo itanunua daftari za wajukuu. Kama ametimiza miaka 60 na hana uwezo, sera ya taifa inataka atibiwe bila malipo kwenye vituo vya serikali. Utambulisho huanzia serikali ya kijiji, kwa hiyo pitia kwa mtendaji kabla ya kwenda.

Hatua ya tatu: jina lake kwenye karatasi

Hapa wanaume baadhi wataanza kufunga gazeti. Vumilieni.

Tunawaita mama zetu nguzo za nyumba, na nyumba haina jina lao. Shamba alilolima miaka arobaini limeandikwa jina la mume, la shemeji, au halijaandikwa kabisa. Akifiwa, ukoo unakaa, na yeye anaambiwa asubiri nje. Tangazo la sheria za mila la mwaka 1963 limewabana wajane wengi namna hiyo. Jirani zetu wa Shinyanga, wajane wawili, walipeleka kilio chao mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake, na mwaka 2015 kamati ikaona wameonewa. Ni safari ndefu mno kwa mtu aliyetaka kubaki kwenye nyumba yake.

Sheria nyingine ziko upande wake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mume kuuza wala kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mke. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na watatu lazima wawe wanawake. Ukitaka kumuenzi mama, tumia hizo.

Fanya haya, polepole, na baba akiwepo kama yupo:

1. Linganisha jina lake kwenye kitambulisho cha Taifa, kadi ya mpiga kura, laini ya simu na daftari la kijiji. Mara nyingi ni majina matatu tofauti ya mtu mmoja. Rekebisha sasa, kwa utulivu, kuliko siku ya msiba.
2. Uliza kwa mtendaji wa kijiji kama vipimo na hatimiliki za kimila zimeshaanza. Zikiwepo, hati ya wanandoa iandikwe majina yote mawili. Kama ni kiwanja kilichopimwa, utaratibu uko halmashauri ya wilaya.
3. Kama kijiji hakijapimwa, tengenezeni maandishi ya mipaka: nani jirani wa kaskazini, mti gani, jiwe gani, na sahihi za majirani na mwenyekiti wa kitongoji. Si hati, ila ni ushahidi.
4. Baba aandike wosia. Akikataa kusikia neno "wosia", zungumza kuhusu "maelekezo". Nimeona neno hilo likifungua milango.

Na onyo kubwa kuliko yote hapa: usiandike ardhi yake kwa jina lako "ili kumsaidia". Najua unampenda. Mkeo anampenda. Watoto wenu je, mwaka 2050?

Ataibuka mjomba atakayesema mnamharakisha mzee kufa. Mwambieni kwamba karatasi haiui mtu, kisha mnunulieni soda, na endeleeni.

Kwa mlio mbali

Mlio Dar es Salaam, Mwanza, Muscat na kwingineko, nyie ndio mnaotuma nyingi Desemba na kunyamaza mpaka Desemba nyingine. Kidogo kila mwezi, tarehe ile ile, kina heshima zaidi. Mtu anayejua fedha inakuja tarehe 5 anaweza kupanga. Anayesubiri simu yako anaomba.

- Hakikisha laini imesajiliwa kwa jina na alama za vidole vyake. Laini nyingi za bibi zimesajiliwa kwa mjukuu, na fedha huanza kufuata jina.
- Namba ya siri aijue yeye. Kama hasomi vizuri, chagueni pamoja tarakimu ambazo zina maana kwake, msimpe mtoto wa jirani.
- Tuma na ya kutolea. Kumkata mama makato kwenye zawadi yake ni ubahili wa kisasa.
- Piga simu siku ambayo hujatuma kitu. Asije akaujua mlio wako kama mlio wa muamala.

Mchango wa ndugu ukihitajika, chagueni watatu: wa kushika, wa kuandika, wa kununua. Kundi la watu thelathini linaloahidi kwa vidole gumba litakuachia ahadi ishirini na mbili. Panga kwa fedha iliyofika. Na usitangaze nani katoa ngapi mbele ya mama. Yule mwanawe mwenye kipato kidogo ndiye huwa anamchotea maji.

Hatua ya nne: sherehe, kama lazima

Siipingi. Wengine hawajawahi kusimamishwa mbele ya watu wakasifiwa, na wanastahili. Ila angalia kalenda ya shamba kuliko kalenda ya ukutani.

Tarehe 8 Machi, huku kwetu, chakula cha ghalani kimepungua na kazi bado iko shambani. Mei alizeti na mtama viko mlangoni. Krismasi ndugu wote wapo, lakini mvua imefika na yeye anataka kupanda. Akina mama wanaokaa kwenye viti vya plastiki wakitazama wingu huku MC anapiga kelele, nimewaona. Juni mwishoni hadi Agosti ni bora: mavuno yameingia, kuku wamenona, barabara kavu. Kama Krismasi ndiyo nafasi pekee, fanyeni kitu kidogo cha jioni, msimzuie asubuhi.

Kanuni zangu za siku hiyo si nyingi:

- Mwenye sherehe haingii jikoni. Hili linavunjwa kila mara. Utamkuta saa nne asubuhi anasonga ugali wa wageni waliokuja kumpongeza kwa kusonga ugali.
- Dada zake na wakamwana nao wasiingie, ikiwezekana. Wajukuu wa kiume wachinje, wanyonyoe, wapike. Wali utaungua kidogo. Kuleni.
- Hakuna mgeni rasmi. Ukimleta kiongozi, siku inakuwa yake.
- Kitenge kimoja, alichochagua yeye. Fungua sanduku lake uone vilivyomo kabla hujaongeza cha tisa.

Kuhusu hotuba, kwa kuwa ndiyo inayowatoa jasho: ondoa sifa, weka matendo. Kila mtu anasema, "Mama yetu ni shujaa, jasiri, mvumilivu, asiye na mfano." Angeweza kuwa mama wa yeyote. Sema hivi: "Mwaka nilipochaguliwa sekondari, mama aliuza mbuzi wake wote wanne, kisha akatembea kwa miguu kunipelekea godoro. Nilimwona getini, nikajificha kwa sababu ya kanga yake iliyochanika. Leo naomba radhi mbele yenu." Dakika mbili. Keti. Hotuba ya namna hiyo haihitaji muziki.

Na mpe kipaza sauti yeye. Asipotaka, msimlazimishe. Akitaka, msimkatishe hata akianza kugawa lawama.

Wanaosahaulika

Chukua karatasi, andika wanawake wa ukoo wako kwenda nyuma: mama, bibi, mama wa bibi. Kwa upande wa wanaume pengine utafika babu wa tano. Kwa wanawake utakwama wa tatu. Jirani zetu Waihanzu, huko Mkalama, wamekuwa wakihesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwao kumjua mama wa bibi kulikuwa namna ya kujua wewe ni wa nani. Sisi wengine tuazime hapo.

Kisha tazama pembeni. Shangazi ambaye hakuzaa na akalea saba. Mama wa kambo aliyekufulia shuka. Mama mkwe. Mkunga wa jadi aliyekupokea. Na dada mkubwa, ambaye ninamweka juu ya wote kwa sababu haitwi mama na hakuna siku yake. Kama alikatishwa masomo kwa ajili yenu, muulize kama bado anataka. Wapo wanawake wa miaka 45 wanaosoma kujiandaa na mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Mlipieni ada na mmwajirie msaidizi wa nyumbani, kwa sababu ada bila muda ni kejeli.

Maswali ya haraka

*Bibi ameshafariki. Nimechelewa?* Waliomjua bado wapo, wahoji wao. Ukitaka kumpa mwanao jina lake, mpe pamoja na simulizi lake, lisiwe sauti tupu. Kaburi lijengewe, ila tazama kwanza kama wifi yake aliye hai ana paa lisilovuja.

*Mama alinitesa nikiwa mdogo. Nifanye haya?* Hulazimiki kusimama na kipaza sauti kusema usichokiamini. Unaweza kumlipia matibabu na kukaa mbali. Na pengine mwanamke aliyekulea kweli ni mwingine, mtafute huyo.

*Baba hatajisikia vibaya?* Mshirikishe mapema, mpe kazi yenye jina. Baba mmoja hapa kwetu alipewa kusimamia fundi wa mifereji, na sasa anakagua koki kila asubuhi kana kwamba tanki ni lake.

*Sina hela kabisa.* Una mikono. Palilia nusu eka, ziba bati, andika simulizi lake kwenye daftari la shule na umsomee. Nilimsomea bibi la kwake. Alinisahihisha mahali kumi na moja, akalitaka daftari, akaliweka kwenye sanduku lake la vitenge.

*Nianzie wapi wiki hii?* Kama unapanda basi, weka tepu ya kupimia kwenye begi. Shuka Misigiri, au popote kwenu, msalimie, kula alichopika, kisha toka nje upime urefu na upana wa paa. Akikuuliza unafanya nini, mwambie ashike upande wa pili.